Jiwe la Datsun

Mume wangu Bartholomew, heri umtukane yeye kuliko uitukane Datsun yake. Pikapu ile tuliinunua ikiwa imezeeka tayari. Breki ya mkono ilikufa zamani, na kwa vile huku Kalama ni milima mitupu, nyuma hakukosa jiwe la kuzuia gurudumu akisimama. Basi gari likianza kugonga ko-ko-ko, jibu lake lilikuwa moja: ni jiwe.

Mvua ya El Niño ilipomaliza kuharibu barabara, kugonga kukazidi. Nikimwambia atafute fundi, ananiuliza nilisomea ufundi wapi. Binti yetu Nzisa, aliyekwisha kupoteza mimba mbili, alikuwa karibu kujifungua, na gari la kumfikisha hospitali mjini lilikuwa hilo hilo.

Uchungu ulimshika asubuhi, Samatar akiwa kwetu. Huyu ni Msomali wa Machakos mjini anayenunua mbuzi wetu tangu zamani. Bartholomew alimwambia apakie mbuzi wake haraka, twende pamoja. Samatar hakai mbele hata umbembeleze. Husafiri nyuma na mifugo yake, asije mmoja akavunjika mguu. Mimi na Nzisa tukabanana mbele, nikimsugua mgongo na kumwomba Mungu.

Tulipokaribia mteremko mkali wenye kona, Samatar akagonga paa. Bartholomew akajifanya hasikii. Akagonga tena, kwa ngumi. Aiya, mume wangu alisimama akiwa amenuna mpaka masikio.

"Mzee, hiyo kelele ni ya nini?" Samatar akauliza.

Bartholomew akamjibu kwamba ni jiwe, na kwamba tuna mgonjwa.

"Jiwe nimelikalia tangu nyumbani," Samatar akasema. "Lilikuwa linatisha mbuzi."

Samatar akashuka, akalala vumbini na shati lake jeupe, akaomba gari lisogezwe mbele kidogo, lisimame, lirudi nyuma. Kila likisimama, ko. Akamwita Bartholomew aone, nami nikafuata, ningekosaje? Bolti mbili ndizo zilizofunga ekseli ya magurudumu ya nyuma kwenye springi, upande mmoja. Moja ilikuwa imekatika, nyingine imeshikiliwa na kutu tu. Ekseli ilikuwa inacheza huku na huku kama jino bovu. Kwenye mteremko ule ingechomoka na magurudumu yake, na sisi tungeishia bondeni.

Bartholomew alitazama bonde, kisha akamtazama Nzisa. Nilikuwa nimemwekea maneno makali ya mwaka mzima. Nilipoona anavyomtazama, nikayameza.

Samatar hakungoja shukrani. Lori la mchanga lilipotokea, alisimama katikati ya barabara akainua mikono, dereva asiweze kupita ila kwa kumkanyaga. Tukampandisha Nzisa. Samatar akabaki na mbuzi wake kando ya barabara, na soko la siku ile likampita hivyo hivyo. Kabla ya jua kutua mjukuu wangu alikuwa amelia, msichana mzima, mama yake mzima.

Siku ya kumpa mtoto jina tulimwalika Samatar, akaja na sukari. Kwetu mwenye boma ndiye huchinja, na Bartholomew kisu chake hampi mtu, hata ndugu yake. Siku ile alikichukua, akakiosha vizuri, akampa Samatar mbele ya watu wote.

"Chinja wewe," akamwambia, "ndipo tule pamoja. Bila wewe tungekuwa tunazika."

Samatar akasoma dua yake, akachinja. Tulipomletea kiti alikataa, akaenda kukalia lile jiwe, ambalo Bartholomew mwenyewe alikuwa amelishusha garini na kuliweka mlangoni. Nikamweka mtoto, Kamanthe, yaani aliyetafutwa, mapajani mwake. Nilitaka kusema asante, nikaishia kulia tu.