Wavu Uliovuliwa Nguo

Mkahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja, meza chache, na jiko la gesi la kuchomea nyama nyuma ya kaunta. Lakini wavu wa jiko lile, jamani! Mweusi tii, laini, samaki anageuzwa juu yake bila kuacha hata kipande cha ngozi. Wateja waliusifu mkono wa mama mkwe. Mke wa mwanawe, aliyekuwa akiosha vyombo na kuhudumia meza tangu aolewe, aliwasifu wote wawili, yule mama na chuma chake.

Sasa bega la mama mkwe lilikuwa limegoma. Mkono haupandi, ukipanda haushuki bila kilio. Akakata shauri jiko liuzwe, na mwenye duka la vyombo wa mtaa wa pili angekuja jioni ile kuliangalia. Mkwe alilitaka jiko lile mpaka usingizi ukampaa, ila kulisema ndiyo kazi. Utamwambiaje mama wa mumeo, nipishe?

Akaona aseme kwa vitendo. Asubuhi, mama mkwe akiwa kwa daktari, aliutoa wavu, akaulowesha kwenye beseni la maji ya sabuni, akauvamia kwa waya wa kusugulia masufuria. Kwao alilelewa kwamba sufuria isiyokuonyesha uso wako haijaoshwa. Basi alisugua huyo! Weusi wote ukatoka, chuma kikabaki cheupe, naye akauegemeza wavu ukutani uchuruzike maji, akaenda zake sokoni roho kwatu.

Aliporudi, loo! Wavu mzima umevaa kutu, rangi ya matofali. Na huyo mama mkwe mlangoni, mfuko wa dawa mkononi.

Mama mkwe aliutazama wavu, akalitazama beseni. "Nani kakivua nguo chuma changu?"

"Mimi, mama. Nilidhani ni uchafu."

"Uchafu! Miaka yote ile ya mafuta ndiyo nguo yake, mwanangu. Umemwogesha mtoto, ukamwacha na maji kwenye baridi, halafu unashangaa akikohoa." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya, usinililie hapa. Lete brashi ya waya."

Akaketi kwenye kreti la soda, akawa anaelekeza kwa kidevu. Kutu yote itoke kwanza. Suuza, futa papo hapo, kisha weka juu ya moto ukauke, maji yasijifiche hata kwenye pembe. Halafu mafuta. Mkwe akamimina kama anayekaanga viazi.

"Weee! Hapa uwe na mkono wa birika. Paka, kisha yafute kama vile umejuta kuyapaka. Yakizidi yatanata."

Akafuta, akawasha, akafunika. Moshi ukapanda, ukaisha, wavu ukatoka wa kahawia. Akarudia, ukakolea. Akarudia tena huku jasho likimtiririka, na mama mkwe ananusa tu moshi, anasema "bado", mpaka pua ikamwambia sasa basi, zima. Mkwe alistaajabu. Jiko zima lilikuwa kichwani mwa mwanamke huyu, na bado alikuwa tayari kuliuza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba amfundishe. Wazo hilo lilimuuma sana.

"Kila ukimaliza kuchoma, sugua ukiwa bado wa moto," mama mkwe alisema, "paka mafuta kidogo, funika. Sabuni ziachie sahani." Kisha akashusha sauti. "Aa, namwambia nani? Atajua mwenyewe anayenunua."

Mwenye duka akaingia. Akalizunguka jiko, akapitisha kidole kwenye wavu mweusi, akaguna kwa kuridhika. "Mama, limetunzwa hili! Nilibebe leo leo?"

Mama mkwe akafungua mdomo.

"Haliuzwi," mkwe akasema.

Kumkata mkubwa kauli, tena mbele ya mgeni! Uso ulimwaka. Lakini neno likishatoka limetoka, basi akapiga moyo konde. "Nitachoma mimi. Mama atakaa pale, atanifokea mpaka nijue."

Mwenye duka akamgeukia mama mkwe, akingoja amtie mkwewe adabu. Mama mkwe alikuwa akilengwalengwa na machozi.

"Unaniangalia mimi ya nini, baba?" akamwambia. "Si umemsikia mwenye jiko?"