Mama Mbu na Ndugu Kumi na Mmoja

Mimi ni namba kumi na nne. Kwenye mchoro wa ukoo wetu, aliouchora daktari tunayemwita Mama Mbu, mwanamume ni kisanduku, mwanamke ni duara, na mwenye ugonjwa anajazwa wino mweusi. Mimi ni kisanduku cheusi. Nimekuwa fundi rangi tangu nilipoacha shule darasa la sita, nimepaka kuta za watu maisha yangu yote, na huyo mwanamke ndiye mtu pekee aliyewahi kunipaka mimi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi. Viwiko, magoti na kichwa vinaota mabaka yenye magamba meupe, yanawasha, yanapukutika. Ukivaa shati jeusi unaonekana kama umemwagiwa chumvi mabegani. Hauambukizi, lakini nani atakusikiliza. Kinyozi wangu alikuwa na mashine aliyoiweka kando kwa ajili yangu peke yangu, na mafundi wenzangu waliniita Plasta.

Daktari alipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, miaka ishirini na moja iliyopita, alinipa mkono, kisha akakigeuza kiwiko changu juani na kukitazama kama mimi ninavyotazama ukuta kabla ya kuupaka. Nilimwuliza anauza dawa gani. Akasema hana dawa, anataka damu. Nikaona angalau ni mkweli.

Alinieleza kwamba ngozi ya mtu hujibadilisha kwa mwezi mmoja hivi, lakini yangu inafanya kazi hiyo kwa siku chache. Nikamwambia, yaani rangi ya pili inapigwa kabla ya kwanza kukauka. Akatoa daftari akaandika. Nasikia mpaka leo anawafundishia wanafunzi wake maneno hayo, na jina langu hajawahi kulitaja.

Kasoro, alisema, iko kwenye vinasaba, yale maandishi ndani ya damu ambayo mtu anayarithi kwa wazazi wake. Yeye alitaka kujua iko mstari upi. Kwa kazi hiyo alihitaji ukoo mmoja mkubwa wenye wagonjwa wengi, na hapo hakuna aliyetushinda.

Watoto walimpachika jina la Mama Mbu, maana hakuja ila kwa damu. Siku alipolisikia alicheka mpaka akakalia boksi lake la barafu. Baadaye akipiga simu alikuwa akijitaja mwenyewe: "Ni mimi, Mbu. Nina njaa." Alikuja kila mwaka. Alikuja mwembamba, akaja mjamzito, akaja na miwani, akaja na mvi. Mama yangu alimwita mwanangu, na alikuwa anampa kiti chenye mto, kile ambacho sisi wengine tulikatazwa.

Mama alikuwa na sababu zake za kumpenda. Shangazi zangu walisema waziwazi kwamba magamba yaliletwa na yeye, kwa kuwa alikuwa mke mgeni na alikuja na doa shingoni. Ni doa la kuzaliwa tu. Mama alifunga kifungo cha juu cha blauzi akaendelea na shughuli zake, akisubiri damu iseme.

Mwaka huu Mama Mbu aliniita nikapake maabara yake, kwa sababu wageni wa kukagua utafiti walikuwa wanakuja. Nilifika asubuhi na ndoo zangu nikakuta watu wamekaa kama wamefiwa. Fundi wa maabara, mwanamume mkimya mwenye masharubu, alikuwa anaitazama mirija ya damu kama imemtukana. Kwenye ukuta mkubwa ulibandikwa mchoro wa ukoo wetu, upana wa kitanda cha watu wawili. Nikauliza niuweke wapi nikishaubandua.

"Popote," alisema Mama Mbu. "Hauna kazi tena."

Nilimwambia mimi sibandui kitu cha miaka ishirini na moja bila maelezo. Akavua miwani. Akasema walipata mashine mpya inayosoma damu yote, mstari kwa mstari, na mashine hiyo imeukataa mchoro. Watu waliochorwa kama watoto wa baba na mama mmoja, damu yao haikubaliani, ingawa ya mama mwenyewe bado haijasomwa. Basi mirija itakuwa imechanganywa, na ukoo wote itabidi ufutwe kwenye utafiti kabla wageni hawajafika. Fundi wa maabara akasema kwa sauti ya chini kwamba mirija yake haijachanganywa. Ilionekana amelisema jambo hilo mara nyingi.

Ukoo ukifutwa, utafiti wote umekwisha. Hilo hata mimi nililiona. Miaka ishirini na moja ya sindano, na kifungo cha mama yangu, vyote kapuni.

Nikausogelea mchoro. Majina hayaruhusiwi pale, namba tu, lakini mtu anaijua familia yake hata ikiwa ni visanduku. Pembeni yangu, kwenye mstari uleule, alining'inia namba kumi na tano, mwenye mabinti mapacha. Nani mwingine ana mabinti mapacha?

"Huyu mbona umemtundika kwa mama yangu?"

Mama Mbu akawa kama mtu aliyekanyaga msumari. Akaniomba nikae. Mimi sikukaa. Akaanza kuzunguka, akasema yapo mambo ambayo aliapa kutoyaingilia, kwamba nyumba ni nyumba, kwamba binadamu hukosea, na kwamba mama yangu anamheshimu sana hata iweje. Ndipo nikaelewa. Huyu mwanamke alikuwa amekaa mwezi mzima na siri moyoni, akidhani mama yangu alitoka nje ya ndoa. Mara saba.

"Daktari," nikasema, "huyu ni mtoto wa baba mdogo."

"Lakini mlisema ni ndugu yako."

"Ni ndugu yangu."

Alinitazama. Fundi wa maabara naye aliuacha mrija wake. Nikamwuliza ile karatasi ya mwanzo iliandikwaje, akaenda kabatini akaileta, imekuwa rangi ya chai. Iliuliza: Ndugu zako ni wangapi? Nilikuwa nimejaza kumi. Kila mmoja wetu alijaza kumi, maana tulikuwa kumi na mmoja ndani ya ua mmoja, watoto wa ndugu watatu. Na chini yake mwanafunzi aliyetumwa kuzikusanya karatasi alikuwa ameandika jibu la mama yangu alipoulizwa kuhusu watoto waliojaa mlangoni: hawa wote ni wanangu.

"Kwa nini hamkusema binamu?" aliuliza Mama Mbu.

Nikamwambia kwetu ukimwita mtu binamu ni kama umemwonyesha mlango. Nikamwuliza na yeye, kwao, angesema nini. Akafikiri. Akasema angesema ndugu. Kisha akaketi sakafuni, pale kwenye magazeti niliyotandaza, na koti lake jeupe, akaanza kucheka.

"Nikivaa hili koti," alisema, "nasahau hata Kiswahili."

Tukampigia mama simu, tukaiweka sauti ya juu. Nilimweleza kwa ufupi, na lile la kutoka nje ya ndoa sikuliruka, kwa sababu mimi siruki. Mama Mbu alijifunika uso.

"Mwambieni Mbu nimezaa wanne," alisema mama, "na hao wanne walinitosha. Haya, achukue kalamu."

Kalamu niliichukua mimi. Ukuta wa pembeni ulikuwa wazi, nikaupitishia msasa haraka, nikachora hapohapo kwa penseli ya useremala huku mama akitaja mmoja mmoja: huyu wa kaka mkubwa, huyu wa mdogo, huyu alilelewa kwangu lakini hakuzaliwa kwangu. Watu saba walihama kutoka chini ya mama yangu wakaenda kwa wazazi wao. Fundi wa maabara alisoma kila namba kwenye kompyuta, na kwa kila tuliyemhamisha alisema, "Inakubali." Mara ya saba alisema kwa sauti iliyosikika koridoni.

Iliwachukua siku tatu kupiga hesabu upya. Wagonjwa wote wa ukoo wetu walikuwa na kipande kilekile cha maandishi, kimeteremka kwa baba na ndugu zake wawili. Damu ya mama nayo ilisomwa, na kwake hakikuwepo. Mama Mbu alienda kumwambia mwenyewe, na mama akamwomba arudie, safari hii taratibu, akisubiri kwanza shangazi wawili waitwe. Aliporudia, mama alifungua kifungo cha juu.

Dawa bado. Mimi bado nabanduka, na Mama Mbu hajawahi kunidanganya kwamba kesho nitaamka laini. Lakini sasa anajua mstari wa kuchimba, na karatasi yake mpya inauliza: Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ni wangapi? Swali hilo nimelitunga mimi, wa darasa la sita.

Wageni walikuta kuta tatu zimepakwa na moja ina visanduku vya penseli. Walisimama mbele ya hiyo moja kwa saa nzima.

Walipoondoka nilirudi kuupaka, Mama Mbu akanizuia. Akataka michoro ile niikaze kwa rangi ibaki. Mama alikuwa amenituma nisimsahau mwanawe wa kiti chenye mto, kwa hiyo nilipofika kwenye mstari wangu niliongeza duara moja jeupe pembeni ya namba kumi na nne. Mama Mbu alikuja na miwani yake, akasema duara hilo kisayansi haliwezekani, halina baba wala mama, akaenda kutafuta kitu cha kulifutia.

Nilimwacha atafute. Ilikuwa rangi ya mafuta.