Mabua ya Korongo

Mama Dong-su alikuwa ameshapakia nusu ya mabua ya mpunga kwenye trela, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, gari la mwenyekiti wa kijiji liliposimama kando ya tuta. Bwana Pyo hakushuka. Aliteremsha kioo tu.

"Shusha, shemeji."

"Nishushe nini?"

"Mabua. Mwaka huu yanabaki jarubani. Korongo wako njiani, watatafuta punje humo. Si ulikuwepo mkutanoni?"

Alikuwepo. Walikaa sakafuni katika ukumbi wa kijiji, wakanywa chai ya shayiri, na kijana mmoja kutoka mjini akawaonyesha ramani: majaruba, kingo za mto, ardhi ya jeshi, vyote vimepakwa rangi moja. Akasema ndege hawa wanakwisha, na mpango wa kuwaokoa ni wa kila mtu. Mama Dong-su alipiga makofi. Anawapenda korongo. Ulipofika wakati wa kugonga mihuri kwenye makubaliano wakaitwa wenye ardhi, naye akaondoka kwenda kuosha vikombe. Hakuuliza kitu. Hapo ndipo alipokosea.

"Jaruba ni la Gwak," alisema. "Mabua ni ya anayelima. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba mkwe wangu. Gwak anachukua mchele wake, mimi nalisha ng'ombe wangu. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Lakini kagonga muhuri. Na fidia ya mabua inakwenda kwake huko Seoul."

"Na ng'ombe wangu mwenye mimba atakula nini? Ramani?"

Bwana Pyo alicheka.

"Shemeji, usinitie matatani. Jaruba moja likikutwa tupu, kijiji kizima kinanyimwa fidia. Majirani watakuja mlangoni kwako, si kwangu."

"Basi niachie hata haya yaliyo kwenye trela."

"Kesho wanarusha kile kidude cha kupiga picha kutoka juu."

"Nitasema kwenye mkutano ujao."

"Mkutano ujao ni wa wenye ardhi." Akatazama usukani. "Gwak kanipigia simu asubuhi. Anasema wanaotaka kulima hapa ni wengi."

Kioo kikapanda.

Mama Dong-su alishusha robota la kwanza akalikata kamba. Akatawanya. La pili, la tatu, mpaka trela ikabaki mbao tupu, na mgongo ukawa haunyooki.

Alipofika zizini, ng'ombe hakungoja pipa la chakula. Alinyoosha shingo, akaanza kuchomoa mabua yaliyonasa kwenye koti lake, bua moja moja, kutoka begani mpaka mkononi. Nje, kipaza sauti cha kijiji kilikoroma, kisha sauti ya Bwana Pyo ikasikika ikiwashukuru wakazi wote, bila kumsahau hata mmoja, kwa kukubaliana kwa moyo mmoja.

Mama Dong-su akageuka taratibu, ili ng'ombe afikie mgongoni.