Matela Mpya na Nailoni Yake

Siku Colette alipoleta habari ya Ngomo, hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Constance anachagua mawe katika maharagi, akakaa chini kando yake, akachota konzi moja na yeye akaanza kuchagua. Mtu mwenye habari mbaya akikupa mikono yake kwanza, ujue anakutakia mema.

Colette aliuza mchele. Kila juma alipanda kamiyo ya mizigo aliyoiendesha Cirhuza, mume wa Constance, akashuka nayo kutoka Bukavu mpaka Sange, kule uwandani Ruzizi, kisha akarudi nayo na magunia yake. Alizoea kukaa mbele, karibu na dereva. Akasema kwamba safari hii, walipokuwa wanapanda Ngomo, pale ambapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na chini ni shimo tupu, Cirhuza alifumba macho. Hakupepesa. Aliyafumba kama mtu aliyekwisha kufika kwake. Colette akampiga begani, halafu akamwimbia nyimbo zote za kanisa alizozijua mpaka wakaingia Nyangezi, na zilipomwishia akaanza zile za Noeli, ingawa ulikuwa mwezi wa sita.

"Sikuambia mutu," alisema Colette. "Na muzee mwenye kamiyo sitamuambia. Lakini weye ndiye unalala naye, Maman Sophie. Angalia namna analala."

Constance alijua namna anavyolala. Halali.

Walilala juu ya gunia kubwa la nyasi kavu walilolishona wenyewe, wakalijaza nyasi mpya kila kiangazi, na baada ya majuma matatu tu katikati pakazama tena kama bonde. Cirhuza alikuwa mtu mzito, mwenye mgongo mpana kama mlango. Yeye ndiye aliyeingia bondeni kwanza, na Constance, aliyekuwa mwembamba, alifuata na kumwangukia. Basi usiku kucha mume alijishikiza ubao wa kitanda ili asimkandamize mkewe. Ilikuwa huruma, na Constance aliijua, lakini ilikuwa huruma inayomnyima mtu usingizi. Juu ya hayo palikuwa na kunguni, ambao maji ya moto yaliwaua leo na kesho wakarudi na jamaa zao.

Jioni ile akamwambia mumewe kwamba wanatafuta matela ya kweli, godoro la dukani, ile ya mousse, laini kama sponji, inayouzwa sokoni Kadutu. Cirhuza akacheka. Akasema baba yake kule kijijini Miti alilala juu ya nyasi mpaka kichwa kikawa cheupe, na hakuanguka popote.

"Baba yako alichunga ngombe," Constance akamjibu. "Ngombe inajua njia hata kama muchungaji analala. Kamiyo haijue."

Cirhuza akaacha kucheka. Alielewa kwamba Colette amesema.

Constance alikuwa katika likelemba ya akina mama kumi wa parokia. Kila mwezi walichanga, na mmoja akachukua chote. Zamu yake ilikuwa bado miezi mitatu, na wenzake walikwisha kumchagulia kitenge atakachonunua. Alipowaambia kwamba anaomba kutangulia, na kwamba hataki kitenge bali matela, wengine walimtania. Wakamuuliza kama atajifunga matela kiunoni siku ya Pasaka. Mwenye zamu ya mwezi ule alikuwa Adolphine, mjane, ambaye hakuwa na kitu cha ziada. Hakucheka. Aliuliza neno moja tu, kama ni kwa ajili ya mumewe, Papa Sophie, na aliposikia ndiyo akasema, chukua zamu yangu, mimi nitachukua yako. Constance alikumbuka jambo hilo miaka mingi.

Katika duka la Kadutu, Gaston muuzaji alikuwa na matela tatu zimesimamishwa ukutani, kila moja ndani ya nailoni yake inayong'aa. Alipiga ya kwanza ngumi, mkono ukazama mpaka kiwiko. Akasema hiyo ndiyo wanayonunua wake za wakubwa. Ni laini kama shavu la mtoto.

Constance akasema anataka kuilalia.

Gaston alifikiri hakusikia vizuri. Dukani palikuwa na watu, wanaume kwa wanawake, na mke wa mtu halali mchana mbele ya macho ya watu, hata kama ni dukani. "Maman," akasema, "sisi tunauzisha matela. Usingizi, kila mutu anaenda kuutafuta kwake."

"Kwangu nilikwisha kuutafuta. Haupo."

Watu wakacheka, na Constance akahisi uso unamwaka, lakini hakutoka. Alikuwa anaona shimo la Ngomo. Alivua viatu. Hapo mwanamke mmoja asiyemfahamu, baadaye alisikia anaitwa Adèle, akafungua kitenge chake cha juu, akakinyosha kwa mikono miwili kama pazia, akawapa watu mgongo. Nyuma ya pazia lile Constance akalala juu ya matela ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikuwa nzuri. Na hiyo ndiyo ikawa taabu, kwa sababu aliinuka akaelewa kwamba yeye ni mwepesi kama kuku, na kuku hata akilalia sponji, haibonyei.

Akatazama huku na huku. Mlangoni alisimama Alphonse, mbeba mizigo wa sokoni, mtu mkubwa, shingo nene, uzito wake ukikaribia ule wa Cirhuza. Constance akamwendea, akamwomba amlalie matela.

"Niko na uchafu, Maman," alisema Alphonse kwa sauti ndogo. Kisha akavua shati lake, akaligeuza upande wa ndani, akalitandika ili asichafue mali ya watu, na ndipo akalala.

Matela ya wake za wakubwa ilimmeza. Kiuno kilishuka, miguu na kichwa vikabaki juu, na ilibidi Gaston amvute mkono ili atoke. Ya pili ilimshika vizuri kidogo, kisha nayo ikaanza kukata tamaa. Ya tatu ilikuwa ngumu, mousse nzito, nayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Alphonse alilala chali, kisha akalala ubavu. Watu wakasubiri. Mwishowe akasema, akiwa amefumba macho, "Hii inanibeba. Miye nabebaka batu na bintu byabo tangu mutoto. Leo hii kitu ndiyo inanibeba miye."

Constance akanunua ile. Alphonse aliipandisha kilima chote kichwani, na walipofika alikubali kikombe cha chai tu.

Ilipoingia nyumbani, Cirhuza aliizunguka mara mbili. Kisha akaweka mkono juu ya nailoni, polepole, kama mtu anayegusa farasi wa mwenzake. Majirani wakaja kuona. Gunia la nyasi likachomwa nyuma ya nyumba pamoja na kunguni wake, na Constance akautazama moshi ule kwa furaha.

Sasa hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa la wote wawili. Cirhuza akasema nailoni isitolewe. Constance akakubali mara moja. Ninyi mliokaa Bukavu siku zile mnajua ilivyokuwa. Viti vya sebule vilikaliwa na nailoni yake, radio ilikaa katika karatoni yake, na mwenye gari alikalia nailoni ya kiwandani mpaka ikachanika yenyewe. Kitu chenye nailoni ni kipya, hata kama kina miaka mitano. Ukiitoa, umekifanya kizee kwa mkono wako mwenyewe. Nani angekuwa mjinga hivyo?

Basi wakatandika shuka juu ya nailoni, na shuka likateleza. Jasho likakosa pa kwenda, likafanya ziwa mgongoni. Kila Cirhuza alipogeuka, kitanda kililia kama mahindi yanayokaangwa. Alfajiri akakuta shuka liko miguuni na yeye amegandamana na nailoni kama chapati na kikaango. Siku ya tatu akaenda safari macho mekundu. Aliporudi, alikuwa amekasirika kwa namna ya mtu anayeona haya. Akasema nyasi zake zilikuwa afadhali, na kwamba mama kumi wamechangia kelele.

Neno hilo lilimuuma Constance, maana alianza kuliamini. Labda angechukua ile laini. Labda Alphonse alikuwa amechoka tu siku ile, na mtu aliyechoka husifu hata sakafu. Alikuwa katika mawazo hayo, siku ya alhamisi, pale Colette alipozunguka tena nyuma ya nyumba. Safari hii hakukuta maharagi ya kuchagua. Alisimama tu. Akasema safari iliyopita, pale Ngomo, nyimbo hazikutosha. Gurudumu la nyuma lilikwisha kukanyaga majani ya ukingoni, na ni yeye Colette aliyeshika usukani na kuurudisha. Leo Cirhuza alishuka tena, na mchuuzi mwingine, si yeye Colette, ndiye aliyekaa mbele. Yeye haogopi kazi, alisema, lakini ana watoto.

Colette alipokwenda, Constance aliingia chumbani, akalala mahali pa mumewe, mchana, peke yake. Alijilazimisha kukaa pale muda mrefu. Kwanza alisikia uzuri wa matela, jinsi ilivyomshika kiunoni. Halafu jasho likaanza. Halafu akageuka na mahindi yakalia. Akageuka tena, yakalia tena. Akakaa kitako, akaitazama ile nailoni, na hasira ikampanda mpaka machozi, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kulaumu ila yeye na mumewe na majirani wote wa Bukavu.

Akachukua wembe.

Cirhuza alirudi salama jumamosi adhuhuri. Kabla ya kuingia aliona kuni zimefunikwa nailoni safi, inayong'aa, kando ya ukuta wa jikoni. Alisimama akaitazama. Kisha akaenda moja kwa moja chumbani, na Constance akamfuata.

"Maman Sophie, umeua matela."

"Nimeua nailoni. Matela iko mule, haina hata kidonda."

"Batu batasema tuliiokota."

"Bakisema tuliiokota, nitabajibu," alisema Constance. "Bakiniuliza ulianguka wapi pa Ngomo, sitakuwa na jibu. Kula, halafu ulale."

Alikula. Alilala. Constance alikuwa ameifunika matela kwa shuka nene la pamba, akalichomeka pande zote nne. Alisimama mlangoni akisikiliza. Cirhuza aligeuka mara moja, na hakuna kilicholia. Mumewe akashusha pumzi ndefu kama ya mtu anayetua gunia. Hakuamka kula jioni. Hakuamka kengele za dimanche, misa ya jumapili, zilipolia. Constance akaenda peke yake, akarudi, akamkuta vilevile, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda kama wa mtoto.

Karibu saa sita honi ikalia nje. Alikuwa Papa Xavier mwenyewe, mwenye kamiyo, ameileta ikiwa imekwisha kupakiwa. Kulikuwa na mzigo wa haraka wa Uvira. Alimwagiza Constance amwite dereva.

"Analala, Papa."

"Mwamushe basi."

"Hapana."

Constance hakuwahi kumwambia mtu yule neno hilo. Huyu ndiye aliyewalisha miaka tisa. Angeweza kumpa mtu mwingine ufunguo kabla ya jua kuzama, na madereva wasio na kazi walijaa Kadutu nzima. Papa Xavier akauliza kama Cirhuza ni mgonjwa. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Constance aliliona lile jibu, likiwa jepesi, likimngoja. Akalipita.

"Si mugonjwa. Amekuwa anasinzia ku usukani, sababu ya matela mubaya. Mara mbili kamiyo yako ilitaka kuenda mu shimo pa Ngomo, na hakuna mutu alikuambia. Miye nakuambia. Leo ndiyo siku ya kwanza analala. Ukitaka kumufukuza, umufukuze akiisha kuamuka."

Papa Xavier akatazama kamiyo yake, na magunia yaliyopangwa juu yake, kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Akaenda, akapanda, na Constance akafikiri anakwenda kumtafuta mwingine. Lakini alizima tu injini, iliyokuwa ikinguruma chini ya dirisha la chumba. Akashuka, akavua kofia, akaomba kiti.

Constance akamletea kiti na chai. Jirani mmoja akapita akisalimu kwa sauti kubwa, na Papa Xavier, mtu aliyezoea kupiga kelele sokoni, akaweka kidole midomoni. Akanywa chai mpaka mwisho. Akauliza matela ile ilinunuliwa wapi, na kama zimebaki. Kisha akasema mzigo wa Uvira utaondoka kesho asubuhi, Cirhuza akiisha kuamka, na mwenyewe ataenda kuwaelezea wenye mali. Akaiacha kamiyo palepale, akashuka kilima kwa miguu ili asiwashe injini.

Constance akaingia ndani kwa vidole vya miguu, akafunga dirisha la upande wa jua, akarudi kukaa mlangoni na kuulinda usingizi ule, kwa sababu wageni wengine wangeweza kuja.