Mizani Haina Ndugu

Nesi wa zahanati ile alikuwa na msemo wake: "Mizani haina ndugu." Siku hiyo alimtupia wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuja tena na kichanga chake.

"Wifi, mtoto anapungua. Nikimbeba nahisi."

"Utahisi nini wewe, na uzazi wako wa kwanza? Hebu lete." Akamtia mtoto kwenye mfuko wa kitambaa, akautundika kwenye ndoana. Springi ikavutika, mshale ukazunguka hadi kilo nne na ushee. "Haya, jionee! Kaongezeka. Mkono wako na springi, nani mkweli?"

Wifi hakucheka. "Uchungu wa mwana aujua mzazi," alisema, akamtoa mtoto mfukoni, akamfunga kifuani na kuondoka bila kuaga.

Nesi akabaki amenuna. Akanyoosha mkono auvue ule mfuko mtupu, na hapo ndipo alipouona mshale. Haukuwa umerudi kwenye sufuri. Akaivua mizani kila kitu, akaigonga kwa kidole. Wapi! Mshale uligoma karibu na kilo moja, na hakuna hata uzi uliotundikwa.

Alikumbuka mtungi wa gesi alioununua majuzi. Alihisi muuzaji kampunja, akauleta mtungi mzima na kuutundika pale pale, kwenye mizani ya vichanga. Springi ilishuka mpaka mwisho, ikalia kwii, naye akacheka. Springi ukiivuta kwa kiasi chake hurudi. Ukiipitisha, hulegea moja kwa moja. Tangu siku ile kila mtoto alikuwa akipewa uzito wa bure, na yeye na kujiamini kwake hakuwahi kuitazama mizani ikiwa tupu. Ole wake! Mtoto wa kaka yake alikuwa akikonda, naye akimsifu.

Alitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Akamkuta wifi kwenye kona, karibu na duka la viatu.

"Wifi, nisamehe. Mizani mbovu, na mimi ndiye niliyeiharibu. Twende hospitali kubwa, sasa hivi."

Alingoja matusi. Badala yake wifi akafungua kitambaa alichombebea mtoto.

"Mbebe," alisema. "Mpime wewe."

Shangazi mtu akampokea. Mikono yake ilikuwa imejiandaa kwa kilo nne, ikapanda juu.