Inez Marlatt Nyumbani kwa Baba

Mwanamke mwenye koti la ngozi alikuwa ananing'inia ukingoni mwa daraja, jini limemkamata kifundo cha mguu, mto unanguruma chini yake, baba akanikatiza kusoma.

"Hebu simama hapo. Bastola yake kaiacha wapi?"

"Imetumbukia mtoni, Baba. Nimesoma sasa hivi."

"Mpelelezi gani anaangusha bastola?" Akaegemeza kichwa kitini, miwani myeusi aliyopewa hospitali imemkaa puani. "Haya, endelea. Nataka kuona atakavyokufa."

Hakufa. Inez Marlatt hafi. Nilikuwa nimesoma vitabu vyake vyote tangu nikiwa msichana, nikivibeba chini chini kama mlevi anayeficha chupa. Anaishi katika Montreal iliyojaa wachawi na wanyonya damu, anapeleleza mauaji yaliyowashinda polisi, na mwenzake wa kazi ni mzimu wa mwalimu wa hesabu. Baba, Orest Baran, fundi wa reli aliyestaafu, hakuwa mtu wa mambo hayo. Yeye alisoma habari za mchezo wa magongo wa barafuni, basi. Lakini Februari ile alitolewa mtoto wa jicho, akakatazwa kusoma, nami nikaja kumwuguza. Theluji ikaifunika Winnipeg hata gazeti halikufika, na mkobani mwangu mlikuwa na kitabu kimoja tu.

Nilikuwa na jambo jingine pia, ila hilo nililibeba kifuani. Nilikuwa nimekubaliwa chuo cha polisi, na kumwambia baba kulinishinda. Tangu Mama afariki, alikuwa ananipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimefunga mlango. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba unakwenda kuifungua milango ya wengine, usijue nyuma yake kuna nani?

Kwa hiyo nilisoma. Siku ya kwanza alicheka kwa dharau. Siku zilizofuata, tukishakula tu, alijivuta hadi kitini na kuuliza, "Yuko wapi yule mwendawazimu wetu?" Alibishana na kila ukurasa. Inez alipoanza kushuka peke yake kwenye ghala la chini la mchinja nyama, baba akashika mikono ya kiti.

"Mwambie asiingie."

"Nitamwambiaje, Baba? Kitabu kimeshachapishwa."

Akacheka, kicheko kinene cha tumboni, mpaka akajishika mbavu. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu mazishi ya Mama. Nikajikuta nacheka naye, kitabu kikanidondoka, tukapoteza ukurasa, na hakuna aliyejali.

Tulimaliza mchana wenye jua kali juu ya theluji. Muuaji alikuwa mchinja nyama, kama baba alivyoapa tangu mwanzo, naye akajisifu hadi chai ikapoa.

"Huyu Inez," akasema, "ana mzazi?"

"Kitabu hakisemi."

"Kama anaye, maskini, usiku hapati usingizi."

Nikaona nisiposema hapo sitasema tena. "Baba, nimekubaliwa chuo cha polisi."

Akavua miwani, ingawa alikatazwa. Macho yake yalikuwa mekundu, yanalengalenga machozi, nami sikujua kama ni kwa sababu ya kisu cha daktari au yangu mimi. Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mwenzio ana mzimu. Wewe utakuwa na nani?"

"Watanipa mtu, Baba. Mtu hai."

"Mzimu ungefaa zaidi. Mzimu hauuawi mara ya pili." Akaivaa tena miwani yake, polepole. "Huyo mtu hai, ukishampata, mlete Jumapili. Nimwone anavyokula."

Nilimpata mwaka uliofuata: Noreen Fontaine, mwanamke mpana wa mabega, mpole wa sauti. Alipokuja, baba hakumwuliza lolote kuhusu kazi. Alimrundikia sahani maandazi ya viazi, akayamwagia malai ya maziwa, akakaa kumtazama. Noreen akala, akaongeza, akaongeza tena. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unasoma vitabu, mwanangu?"

"Vya mapishi tu, mzee."

Baba akamsogezea kiti kilichokuwa cha Mama, ambacho hakuna aliyekikalia miaka yote ile.

"Keti hapa," akamwambia. Kisha akanigeukia, akanipa kitabu cha Inez. "Larissa, anzia mwanzo. Na usiruke kitu."