Wakorofi Chumbani kwa Bi Pindo

Jumamosi, vyombo vya chai vilipokwisha kuoshwa na kufunikwa kitambaa, Bi Pindo aliketi kwenye kigoda mbele ya tangi la samaki, uzi ukiwa katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ulikuwa uzi wa nailoni, ule ule aliokuwa akishonea vifungo vya sare za shule. Ulipita juu ya ukingo wa kioo, ukazama majini, ukaishia kwenye kilango cha boksi la plastiki lililolala juu ya mchanga. Ndani ya boksi alikuwa ameweka mnofu wa ngisi, mdogo kama ukucha wa mtoto. Nje ya boksi samaki wa buluu mwenye mkia wa njano alikuwa akienda na kurudi, kama mtu anayepita dukani mara tatu kabla ya kuuliza bei.

"Ameingia?" mwanawe aliuliza kutoka mlangoni.

"Ameingiza pua."

"Si uachie basi, Mama!"

"Pua haishikwi na mlango. Nenda kanywe maji."

Mwanawe akaenda kunywa maji. Alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa kutembea juani na vigingi, na kukaa kimya kulimshinda tangu utotoni. Mama yake alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na minane. Kila sketi na kila suruali aliiachia pindo la vidole vinne, ili mtoto akirefuka mzazi akunjue tu, asinunue nyingine. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Bi Pindo, na jina lake la kwanza likabaki kwenye vyeti.

Chumba kile chenye tangi kilikuwa chake. Dirisha lake lilitazama barabara. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu watoto wa shule walipita pale chini, naye alikuwa akiketi kwenye cherehani na kuwatazama kuanzia magotini kushuka. Alijua nani amerefuka, na nani mama yake amekunjua pindo likabaki na alama ya mstari. Akifungua dirisha na kusema, "Wewe, mwambie mama yako alete hiyo sketi, imebaki pindo moja," mtoto alijibu, "Shikamoo, Bi Pindo," na sketi ililetwa jioni.

Miaka mitatu iliyopita mwanawe aliagiza tangi la matumbawe. Alilitamani tangu ujana, na Bi Pindo alifurahi pamoja naye. Basi yule bwana aliyepima mashamba ya watu miaka kumi na mitano bila kupunja hata hatua moja, alipima ukuta wa sebule yake mwenyewe akasahau kuhesabu mlango. Tangi likaja. Sebuleni likagoma kuingia. Ukuta pekee uliolitosha katika nyumba nzima ulikuwa wa chumba cha mama yake.

"Ni kwa wiki mbili tu, Mama," alisema, "nitafute namna."

Kitanda cha Bi Pindo kikahamishiwa stoo, kati ya jikoni na bafuni. Kiliingia kwa kulazwa ubavu, na tangu hapo mlango ukawa unafunguka nusu. Stoo haikuwa na dirisha. Ilikuwa na rafu ya unga, sukari na chumvi, na balbu moja. Bi Pindo alikuwa mtu wa kushukuru. Alishukuru birika likichemka, alishukuru ndala zikiwa mahali alipoziacha. Usiku wa kwanza aliishukuru balbu kwa kuwaka, akalala.

Wiki mbili zikapita, zikafuatwa na nyingine. Alipouliza, mwanawe alimweleza kwa upole kwamba tangi bado halijatulia. Mawe yalikuja na wakorofi ndani yake: kaa wanaokata matumbawe, na samaki wanaowafukuza wenzao mpaka wanakufa njaa pembeni. "Hawa wakitoka, tangi likatulia, tutalihamishia sebuleni, nitabomoa hata ule mlango. Utarudi kwenye dirisha lako, Mama. Nimesema."

"Wakitoka wote?"

"Wote."

Ndipo Bi Pindo alipoanza kutega.

Wa kwanza alikuwa kaa mwenye miguu ya manyoya na gando moja kubwa kupita jingine. Huyo hakuhitaji uzi. Bi Pindo aliegemeza glasi ya chai kwenye jiwe, kitako kikigusa mchanga, akaweka ngisi ndani, akazima taa za tangi mchana kweupe. Pazia tayari lilikuwa limefungwa, kwa sababu jua huotesha mwani kwenye kioo. Kaa akadhani usiku umeingia. Akapanda jiwe, akatumbukia ndani ya glasi, akala akashiba, akataka kutoka. Kioo kinateleza. Alikwaruza hadi alasiri, mpaka Bi Pindo alipomtoa.

"Kammwage chooni," mwanawe alisema.

Bi Pindo akaibeba glasi. Choo alikipita. Aliingia stoo, akavuta kutoka chini ya kitanda lile beseni la bati alilomwogeshea mwanawe alipokuwa mchanga, akamimina humo maji ya chumvi. Maji hayo hayakukosekana, maana kila Jumamosi mwanawe alichota ndoo mbili za maji makuukuu kutoka kwenye tangi na kutia mapya.

"Karibu," alimwambia kaa. "Na wewe umeambiwa wiki mbili?"

Jumatano iliyofuata aliamka kutoka usingizi wa mchana, akakuta maji hayapo tena kwenye beseni. Yalikuwa yamejaa stoo nzima, yakafika magotini. Kwenye kizingiti yaliishia wima, yamenyooka kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi mzuri, na hata tone moja halikuvuka kwenda ukumbini. Godoro lilikuwa kavu. Ndala zilielea karibu na mlango, pamoja, moja kando ya nyingine. Bi Pindo akakusanya gauni lake, akashusha miguu, akazishukuru ndala. Alipotembea hatua tatu aligundua kwamba magoti, yaliyomuuma tangu alipohamia stoo, yalikuwa yamenyamaza.

Mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa muuguzi na siku hiyo alitoka kazini mapema, alikuja kuchukua sukari. Akasimama kizingitini, akavua viatu, akaingia.

"Mama, maji yako haya yana chumvi sana," alisema. "Angalia yasifike kwenye sukari."

"Yamesimama hapo hapo tangu saa nane."

"Hata hivyo." Akaipandisha sukari rafu ya juu, akatoka, akajifuta miguu kwa taulo la bafuni.

Yule samaki wa buluu alichukua siku kumi na moja. Siku za mwanzo Bi Pindo hakumtega kabisa. Alimlisha ndani ya boksi mlango ukiwa wazi, kila siku saa ile ile, mpaka samaki akaanza kusubiri ngisi kama haki yake. Siku ya kumi na moja, ile Jumamosi, samaki aliingiza pua, akaingiza tumbo, na mkia wa njano ulipovuka kizingiti Bi Pindo alilegeza uzi kwa upana wa nukta. Kilango kikashuka taratibu, kama kope.

"Ameshikwa!" mwanawe alipiga kelele, maji ya kunywa yakamwagikia shati.

"Ameshikwa," alisema Bi Pindo. "Asante, babu wewe, umenichosha." Na samaki naye akaenda kukaa stoo.

Baada yake walifuata kaa wawili, samaki wa madoa aliyekuwa akidonoa matumbawe kama kuku, na konokono mmoja ambaye Bi Pindo hakumtega, alijitia mwenyewe. Kila mmoja alipoingia, stoo iliongezeka. Ukuta wa nyuma, ule wenye rafu, ulisogea mbali. Mwanzo mkwewe alifuata unga kwa hatua tano, halafu kumi na mbili, halafu akawa anakwenda na kurudi na jasho linamtoka.

"Mama, sisemi kitu," alisema siku moja, mfuko wa unga ukiwa begani, maji kiunoni, "lakini mtu akitaka kupika uji ajiandae tangu jana?"

"Acha unga jikoni, mwanangu."

"Jikoni kuna panya."

"Basi nikupe kaa mmoja, ana gando zuri."

Wote wawili wakacheka. Kisha mkwewe akaacha kucheka, akaangalia miguu ya kitanda ambayo sasa ilikuwa imeota matumbawe ya waridi. "Nimemwambia mwanao mara nyingi," alisema kwa sauti ya chini. "Ananiambia subiri litulie."

"Litatulia. Amebaki mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa kaa mdogo mweusi aliyeishi kwenye tundu la jiwe la katikati. Bi Pindo alimjaribu kwa glasi, akakataa. Akamjaribu kwa chupa iliyokatwa shingo na kupachikwa kinyumenyume, akaivuta chupa mpaka mlangoni kwake, akala ngisi kwa nje. Bi Pindo alimheshimu kwa hilo. Kwa wiki tano alikaa kwenye kigoda, mgongo kwenye pazia lililofungwa. Asubuhi aliwasikia watoto wakipita nje, viatu vyao tu na vicheko, na alijaribu kukisia kwa mlio wa hatua nani amerefuka. Kwa mlio wa hatua haijulikani.

Mwishoni alifunga ngisi kwenye ncha ya uzi, akaunyoosha mbele ya tundu, akasubiri. Kaa alipokamata, Bi Pindo hakuvuta. Aliacha uzi uende, kidogo kidogo, kama mtu anayekunjua pindo, mpaka kaa akaamini kwamba hakuna upande wa pili. Akatoka mwenyewe kutafuta mwisho wa uzi, akaufuata hadi ndani ya glasi.

Mwanawe alimkumbatia mama yake pale pale kwenye kigoda. Alikuwa na machozi kweli. "Hakuna mwingine kama wewe," alisema, na alimaanisha.

Jumatatu akaja fundi wa matangi. Alipima maji kwa karatasi zinazobadilika rangi, akaangalia kila jiwe kwa tochi, akanyoosha mgongo. "Limetulia," alisema. "Sijawahi kuona tangi lililotulia namna hii."

"Sasa tulihamishe lini?" Bi Pindo aliuliza.

Fundi akamtazama mpimaji. "Kulihamisha? Tangi lililotulia halihamishwi, mama yangu. Haya matumbawe yatakufa yote. Hapa ndipo pake."

Mwanawe akatazama sakafu. "Mama, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia."

"Tena anasema inatakiwa pampu kubwa zaidi, na inapiga kelele, haiwezi kukaa chumbani. Itabidi ikae stoo." Alijikuna shingo. "Nilikuwa nafikiria, labda ukapumzike kwa mama mdogo. Kwa wiki mbili."

"Wiki zako zina pindo pana, mwanangu," alisema Bi Pindo.

Fundi akaanza kukunja karatasi zake. Mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, akasema, "Mama haendi popote. Kapime kwanza stoo, wewe si mpimaji?"

Basi mwanawe akachukua tepu yake ya mita hamsini, akapandisha suruali, akaingia stoo. Mama yake akashika ncha kizingitini. Alimwona akipita kitanda, akipita beseni, maji yakimfika kiunoni, kisha kifuani. Samaki wa buluu alimfukuza na kumdonoa kiwiko, naye akasema "Aa!" akaendelea. Tepu ilizunguka, ikazunguka, ikaisha. Alisimama huko mbali, mdogo kama siku zile alipokuwa akitumwa dukani, akaandika kitu kwenye daftari alilolibeba kichwani. Kisha akarudi.

"Mita hamsini, na ukuta sijauona," alisema, akikamua shati. Uso wake ulikuwa umepata nafuu kubwa. "Nafasi ipo, Mama! Pampu tutaiweka hapa mlangoni. Wewe utasogea mbele kidogo tu."

"Kwa hiyo sihami?"

"Huhami."

"Asante, mwanangu," alisema Bi Pindo, na alimaanisha, maana muda mfupi uliopita hakuwa na hakika hata ya hilo. Hakumuuliza habari za dirisha.

Pampu ikaletwa siku hiyo hiyo. Inanguruma mchana kutwa. Kitanda kilisogezwa, na cherehani ikafuata, hatua arobaini kuelekea ndani, ambako mngurumo haufiki na maji yana mwanga wake yenyewe, wa rangi ya chai nyepesi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu samaki wadogo hupita mbele ya cherehani kwa kundi, wote rangi moja, wakisukumana na kuchelewa. Bi Pindo huwatazama kuanzia chini. Juzi alimwona mmoja amezidi wenzake kwa kidole kizima, akamwambia, naye akageuka kidogo, kwa adabu, kabla ya kuwafuata wengine. Kaa mweusi humshikia pini.

Katika chumba cha mbele tangi limetulia na pazia limefungwa, kwa sababu jua huotesha mwani. Nje, watoto wanapita na sketi zilizobaki pindo moja.

Jumamosi mwanawe aliita kutoka kizingitini, mikono ikiwa mdomoni ili sauti ifike. "Mama! Nimeona mkorofi mwingine, kwenye jiwe jipya!"

Bi Pindo akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mkubwa?"

"Mkubwa kiasi!"

"Mwambie nakuja," alisema, akatafuta ndala, akazikuta pamoja, akazishukuru, akachukua uzi.